Boga la Lawino na Wale Wachaguao Mila

Kitabu kiitwacho Wimbo wa Lawino si kigeni kwa walimu wa nchi zetu. Kimesomwa shuleni miaka mingi, na jina la yule mwanamke wa Kiacholi limekuwa kama methali: mtu akitaka kutaja habari za mke wa kijijini aliyedharauliwa na mume msomi, husema tu, "Huyu ni Lawino," na wenzake humwelewa. Basi hatukushika kalamu ili tukitangaze kitabu. Twataka kukipima upya, kwa kuwa siku hizi wako vijana wengi, tena waliosoma, wasemao ya kwamba wameamua kurudi katika mila za wazee wao. Nao wakiulizwa hoja yao, shahidi wao wa kwanza ni Lawino. Twauliza: Je, shahidi huyo akiitwa barazani mwenyewe, atasema yale wanayomsemea?

Kwanza tumtaje mtungaji. Okot p'Bitek alizaliwa Gulu, kaskazini ya Uganda, mwaka 1931. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, na mama yake mwimbaji mwenye sifa. Kwa hiyo kalamu na ngoma zilikaa katika ua mmoja tangu utoto wake. Alisoma Gulu na Budo, akatoa hadithi yake ya kwanza kwa Kiacholi mwaka 1953. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza pamoja na wachezaji mpira wa Uganda, akabaki huko kusoma: ualimu katika mji wa Bristol, sheria katika Aberystwyth, na mwisho, katika Oxford, elimu ya desturi za watu, ambako aliandika juu ya nyimbo za Waacholi na Walango. Wimbo wa Lawino aliutunga kwanza kwa lugha ya kwao, walakini tafsiri yake ya Kiingereza ndiyo iliyotangulia kupigwa chapa, Nairobi, mwaka 1966. Ile ya Kiacholi ilifuata mwaka 1969. Wasomaji wa Kiswahili waliupata mwaka 1975 kwa kazi ya Paul Sozigwa. Mwandishi mwenyewe alikiri mwanzoni mwa kitabu cha Kiingereza ya kwamba katika kufasiri alipoteza mizani na vina vya asili, na ndugu yake katika utunzi, Taban lo Liyong, aliona hasara hiyo kuwa kubwa hata akatoa tafsiri nyingine mwaka 2001. Okot alifariki mwaka 1982.

Wengi hukisoma kitabu hiki kana kwamba ni mdahalo, upande huu umesimama Uafrika na upande ule Uzungu, nasi wasomaji ni waamuzi wa kuhesabu kura. Kusoma hivyo twakuona kuwa kosa. Lawino hatoi hotuba, analeta shauri. Anawaita watu wa ukoo wasikilize, anaeleza matusi aliyotukanwa, tena anaonyesha jinsi matusi yale yalivyomvuka yeye na kuwafikia wazazi wake na ukoo wake wote. Mumewe, Ocol, amempata mwanamke wa kisasa, Clementine, na sasa kila alifanyalo mke wa kwanza ni ushenzi machoni pake. Mshtakiwa hapewi nafasi ya kusema katika kitabu hiki. Alipewa kitabu chake mwaka 1970. Kwa hiyo maneno tuyasomayo ni maneno ya mlalamikaji, na mlalamikaji aliyeumia hutia chumvi. Anapoicheka midomo ya Clementine na unga wa usoni mwake, anasema kama mke aliyenyang'anywa mume. Wale wanaonukuu maneno hayo makali na kuyafanya sheria ya namna ya kuvaa, wameyachukua matusi ya mke mwenza wakayafanya katiba ya taifa.

Sehemu tuzionazo kuwa bora ni zile ambamo Lawino haitetei mila hata kidogo, bali anaonyesha tu ajuavyo kazi yake. Yafaa msomaji akae sana katika habari za jiko la mama yake. Pale pana jiwe la kusagia na mtoto wake wa jiwe, pana vyungu na vibuyu, na kila kimoja kina mahali pake hata gizani mkono hukifikia. Anazijua kuni kwa majina yake: mti upi hupasuka kwa shoka bila taabu, mti upi huwaka polepole na kunukia vema, mti upi humshinda mwenye shoka, na mti upi haufai kwa moto bali hupendwa kwa kivuli chake. Jiko la mafuta na jiko la umeme la Ocol yanamtisha, wala haoni haya kusema hivyo. Kupika hali umesimama wima ni jambo la kumshangaza. Vivyo hivyo katika ngoma: anajua jinsi msichana apakavyo mafuta, jinsi avaavyo shanga, ni wapi acheze na mbele ya nani, na kwa nini ngoma ya uwanjani, katika macho ya watu wote, ina adabu kuliko dansi ya nyumba yenye giza ambamo watu hushikana wasijuane.

Msomaji mwangalifu atatambua hapo ya kwamba mwanamke huyu hakuichagua mila, kama vile mtu asivyoichagua lugha ya mama yake. Aliipokea kwa mikono, kwa magoti juu ya jiwe la kusagia, kwa miaka mingi ya kuonywa na kucheka na kuchapwa pengine. Hata anapopambana na Ocol hatumii neno "mila" kama silaha. Hutaja kitu, na namna ya kukitumia, na sababu yake. Ndiyo nguvu ya kitabu. Palipo na hoja tupu, kama katika habari za vyama vya siasa, wimbo huwa mwembamba, ingawa ile picha ya ndugu wawili wa tumbo moja wasioingiliana nyumba kwa sababu ya chama imetuuma sisi pia, kwa kuwa tumeiona parokiani.

Tumewasomesha vijana kitabu hiki mara nyingi. Tukiwaandikisha insha, karibu wote humpa Lawino haki, na wengine humaliza kwa kiapo ya kwamba wao wataishi kama yeye. Lakini tukiwauliza, "Katika kijiji cha bibi yako, kuni zipi huwaka bila moshi?" darasa hunyamaza kimya. Hatusemi hayo kwa kuwacheka. Wengi wao walizaliwa mjini, na bibi zao pia hupikia mkaa. Twataka tu ionekane ya kwamba kile wanachokichagua si kile alichonacho Lawino. Wao huchagua sehemu ionekanayo kwa macho: nguo ya siku ya arusi, jina la asili badala ya jina la ubatizo, kikundi cha ngoma kilichokodiwa kwa saa mbili. Sehemu iliyo ngumu, yaani ile ya kufanywa kila siku pasipo kutazamwa, huachwa kwa wazee wa bara, na hao wazee wenyewe hawakuulizwa.

Basi, je, twasema mtu aliyekulia mjini hana ruhusa ya kuchagua? La. Okot mwenyewe alichagua. Alikuwa mtu wa Oxford, mchezaji wa mpira, msomaji wa sheria. Angaliweza kuwa Ocol wa kwanza wa Gulu. Lakini hakutosheka kulivaa vazi la baba zake. Aliziendea nyimbo zao, akazisikiliza kwa waimbaji wenyewe, akaziandika, akapima maana zake, na aliporudi Uganda aliwakusanya wachezaji na waimbaji huko Gulu katika sikukuu zao. Uchaguzi wa namna hiyo hugharimu. Mwenye kuufanya huwa mwanafunzi tena, mbele ya watu wasiojua kusoma.

Na hapa yafaa tuliangalie lile boga. Kitabu kizima kimeegemea methali ya Kiacholi juu ya mboga iotayo katika kiwanja cha zamani, ambayo watu wakihama huiacha iendelee kutambaa. Ni aibu kuing'oa. Wanafunzi hupenda sana methali hiyo, nao hulifasiri boga kuwa ndiyo mila ya Afrika yenyewe, safi, isiyoguswa na mgeni. Lakini mwenye kusoma habari za mimea ajua ya kwamba jamii yote ya maboga ni ya Marekani kwa asili yake, nayo haikufika Afrika ila baada ya Wazungu kuvuka bahari ile katika karne ya 15. Mahindi na mihogo yalikuja kwa njia hiyo hiyo, na tumbaku ya wazee pia. Shanga za kioo alizojipamba Lawino zilichukuliwa bara na wafanya biashara. Je, methali imeharibika kwa hayo? Sisi twaona imepata nguvu. Boga lilikuja likiwa geni, likapandwa, likapaliliwa, majani yake yakapata namna ya kupikwa na ganda lake likapata kazi, hata asiwepo akumbukaye ya kwamba lilitoka ng'ambo. Likawa la kienyeji kwa sababu watu walilitunza. Na methali haikusema lisiongezwe kitu kingine katika shamba, ilikataza kung'oa.

Watu wa pwani wanao mfano wa jambo hili mabegani mwao, yaani kanga, ambayo haikujulikana kabla ya nusu ya pili ya karne ya 19, na ambayo kwa muda mrefu ilipigwa chapa ng'ambo. Leo bibi harusi asiyepewa doti ya kanga hudhani hakuheshimiwa. Na mfano wa Wamaasai ni wa ajabu zaidi. Mnamo mwaka 1968 wakubwa wa serikali katika Tanzania walianza operesheni ya kuwalazimisha Wamaasai waache rubega na mafuta ya udongo mwekundu, wavae suruali, ili wasionekane nyuma ya taifa. Miaka miwili baadaye Ocol wa kitabuni alijibu wimbo wa mkewe kwa maneno ya namna ile ile, akiwaagiza wafugaji waache mikuki na uchi wao. Hivyo twajua ya kwamba mtungaji hakumzua kutoka hewani. Leo lile shuka jekundu huuzwa kwa watalii kila soko la Arusha kama alama ya ukale. Nalo hufumwa kwa mashine kiwandani! Lilishika mahali pa ngozi zilizovaliwa na babu zao. Ocol alitaka kung'oa kitu kisicho cha kale sana, na mtalii anakisujudia kwa kukidhani kuwa cha kale. Wote wawili hawakumwuliza mvaaji kwa nini lamfaa.

Tufike sasa mahali panapotuhusu sisi walimu wa misioni, nasi hatutapita upesi. Lawino alikwenda kujifunza dini katika darasa la jioni, akatoka. Atoa sababu: walikaririshwa maneno kwa sauti kubwa pasipo kuelezwa maana yake, na nje mwezi ulikuwa unawaka na ngoma inasikika. Mwalimu wa darasa lile hakupewa sifa hata moja. Kisha Lawino auliza maswali ambayo hakuna aliyemjibu: yule aliyefinyanga vitu vyote, alifinyangwa na nani? Alichimba wapi udongo wake, ikiwa nchi haijakuwako? Alipouliza, alikemewa. Wako wenzetu waliochukizwa na sehemu hii wakaiona kuwa kufuru. Sisi twaona ni shtaka juu ya ufundishaji, na shtaka la ufundishaji halijibiwi kwa kukasirika. Maswali yenyewe ni ya zamani sana katika Kanisa, na mtoto yeyote mwenye akili huyauliza akiwa na miaka saba.

Lakini chini ya maswali hayo liko jambo la lugha. Katika kitabu chake kingine juu ya dini za Kiafrika, Okot asimulia ya kwamba mwaka 1911 mapadre wa Kitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi, nani aliyewaumba? Na kwa kuwa lugha ile, asema, haikuwa na neno la kuumba kwa maana hiyo, swali likafika masikioni mwao kuwa, nani aliyewafinyanga? Wazee wakajibu ya kwamba watu huzaliwa na mama zao. Waliposhurutishwa, mmoja akakumbuka ya kwamba wako watu ambao migongo yao huvunjika kwa ugonjwa wakapinda, na huyo awafinyangaye hivyo ni pepo aitwaye Rubanga. Ndipo, asema, jina la mvunja migongo likawa jina la Mungu katika sala. Kwa sababu hiyo Lawino humwita Mungu wa darasa la jioni kwa jina la Kibiongo.

Kisa hiki ni onyo kali, na kila mfasiri angekiweka juu ya meza yake. Hata hivyo, kama maelezo ya asili ya neno, hakituridhishi. Ng'ambo ya mto Nile, kusini ya Waacholi, wako Wanyoro, nao humwita Muumba Ruhanga, na katika lugha yao kuhanga ni kuumba. Majina mawili ya majirani yakifanana hivyo, haifai kueleza moja na kulinyamazia la pili. Okot, ambaye katika kitabu hicho hicho awakemea wataalamu wa Ulaya kwa kurukia maana, hapa amependezwa mno na hadithi nzuri. Kiswahili kilikuwa na bahati. Neno letu kuumba, kwa asili, ni ndugu wa neno ambalo katika lugha nyingi za bara hutaja kazi ya mfinyanzi hata leo. Walakini pwani limepanda daraja, na udongo umeachwa kwa kufinyanga. Kwa hiyo tusemapo Muumba, mwanafunzi wa Kiswahili hamfikirii mtu mwenye tope mikononi. Mwanafunzi wa bara, ajaye darasani na lugha ya kwao moyoni, huenda akamfikiria. Nasi tusipomwuliza asikia nini, atakariri maneno yetu vizuri sana na kutoka zake ngomani.

Jambo moja kitabu hakilihesabu sawasawa, yaani gharama ya mila na nani ailipaye. Lawino asema hamkatazi mumewe kuoa mwingine. Wivu anao, lakini akijua ndiyo desturi, naye angeshindana na mwenzake kwa upishi na ukarimu. Vijana wa kiume hukipenda kitabu hapa kupita kiasi. Huchukua ruhusa hii moja wakaifunga katika leso. Lakini wasome na lile Lawino analomdai Ocol kwa mila hiyo hiyo: awapokee jamaa zake kwa furaha badala ya kuhesabu dakika zao, avumilie kelele na uchafu wa watoto, awaheshimu wakwe, asile peke yake, asimtukane mkewe mbele ya watu. Mume achaguaye mke wa pili kutoka mila na mlango uliofungwa kutoka mjini, amechagua mara mbili kwa faida yake. Tena tumewasikia wasichana darasani wakiuliza, kwa haki, kama Lawino angalipewa kitabu na kalamu pamoja na jiwe la kusagia, angalikataa? Okot hakuliweka swali hilo kinywani mwake. Mke wake wa hadithi hajui kusoma kuanzia ukurasa wa kwanza hata wa mwisho, na ujinga huo wa herufi wakati mwingine wapambwa kana kwamba ni sehemu ya mila. Si sehemu yake. Yeye Lawino asema mara nyingi ya kwamba asilolijua, hakufundishwa, hasemi alilikataa.

Mfano mzuri wa haya ni habari ya saa. Ocol ana saa kubwa ukutani, naye humwona mkewe mjinga kwa kuwa hawezi kuisoma. Lawino ajibu kwa kueleza jinsi kwao siku ipimwavyo: kwa jua, kwa kwenda shamba na kurudi, kwa mtoto anyonyeshwaye anapolia, na mwaka kwa mvua na kiangazi. Ni sura nzuri sana, na mwenye kuisoma humwona Ocol kuwa mtumwa wa chombo chake. Lakini mtungaji ameacha milango miwili tu wazi, ama mshale wa saa ama jua. Watu wa Kiswahili walipita katika mlango wa tatu zamani. Mshale mfupi ukielekea saba asubuhi, sisi husoma tarakimu iliyo upande wa pili wa uso wa saa, yaani moja, kwa sababu ndiyo saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza. Na ukielekea kumi na mbili mchana, twasema sita, kwa kuwa jua limegawanya siku. Chombo ni kigeni, hesabu ni ya jua, na mtoto wa darasa la kwanza huyajua yote mawili katika juma moja. Kama Lawino angaliketi katika darasa hilo badala ya lile la jioni, saa ya Ocol ingalimwambia tangu siku ya kwanza jambo alilokwisha kulijua.